Ventilateri (feni) ya plafo (dari) inayumba mpaka mama mkwe amehamisha kiti. Nianzie wapi?

Mpangaji_Katuba (mwanzisha uzi), Jumamosi saa 3 usiku

Wakubwa kwa wadogo, jambo.

Niko Lubumbashi, Katuba. Oktoba ndiyo kipindi chetu cha kuungua: mvua haijaanza, mabati yanachemka tangu saa tano asubuhi, na ndani hewa imetulia kama maji ya ndoo. Ventilateri ya sebuleni ndiyo inayotuokoa. Ni ile ya mapanga matatu ya chuma, duara la sentimita 120, inaning'inia kwa bomba fupi chini ya plafo ya triplexi (plaiwudi).

Mwendo namba 1 inazunguka kwa adabu. Namba 2 inaanza kutikisa kichwa. Kuanzia namba 3 bomba zima linacheza na plafo inapiga ka-ka-ka-ka, utasema kuna mtu anakimbia huko juu na viatu vya mbao. Namba 5 sijathubutu tena.

Mama mkwe yuko kwetu tangu Jumatano. Siku ya kwanza aliketi kwenye kiti cha heshima, chini ya ventilateri kabisa. Siku ya pili aliinua macho, akaitazama kwa muda, hakusema kitu. Leo nimekuta kiti kiko mlangoni. Mtu mzima hakwambii, anahamisha kiti. Nataka niitengeneze mwenyewe kabla hajarudi Likasi. Mnishauri.

Chekacheka

Iache namba 1. Uzi ufungwe.

Bukavu_Baridi

Sisi huku tunatafuta blanketi, ninyi mnatafuta upepo. Kongo ni kubwa. Ngoja mafundi waje, mimi nimekaa nisome.

Fundi_Bobini

Kaka Mpangaji, mimi kazi yangu ni kubobina mota (kuzisuka upya waya), hapa Kamalondo. Ventilateri zinazoletwa kwangu eti "mota imekufa", nyingi mota ni nzima, kilicholegea ni visi (skrubu). Kwa hiyo usinunue kitu bado. Kwanza niambie: ilianza lini? Ilianza yenyewe pole pole, au kuna siku mtu aliigusa? Na ukiitazama ikiwa namba 3, kinachocheza ni ncha za mapanga tu, au bomba nalo, au hata kile kikombe cha juu kinachoficha nyaya kinapigapiga plafo?

Mpangaji_Katuba

Fundi, aksanti. Ukweli ni huu: Jumanne, siku moja kabla mama hajafika, niliteremsha mapanga nikayaosha. Vumbi lilikuwa limeganda pembezoni kama ukoko wa bukari (ugali). Nikayarudisha. Kabla ya hapo ilikuwa inayumba kidogo, lakini ka-ka-ka haikuwepo. Na ndiyo, kikombe kinagonga plafo.

Fundi_Bobini

Haya, tumeshapata mlango wa kuingilia. Uliweka alama panga lipi lilikuwa mkono upi (kile chuma kinacholiunganisha na mota)? Najua hukuweka. Mapanga ya kiwandani yanapangwa kwa uzito, matatu yanayolingana kwenye boksi moja, na yakishazoea mikono yao ni vizuri yarudi palepale. Sio dhambi kubwa, tutaona.

Kesho asubuhi kabla ya jua kali: zima kwenye dizhonkteri (swichi kuu ya umeme), usizime kwenye swichi ya ukutani peke yake. Nyumba zetu nyingi swichi imekata waya wa neutro na fazi (waya wenye umeme) imebaki juu inakungoja. Ukishazima, gusa nyaya na testeri uhakikishe. Halafu jambo ambalo vijana wanalifanya kila siku: umeme ukikatika wanasema "nafasi hiyo!" wanapanda ngazi. Umeme uliokatika haujazimwa. Unarudi bila kupiga hodi na mikono yako iko ndani.

Kisha kaza. Kila panga lina visi viwili au vitatu vinavyolishika kwenye mkono, na mkono una visi vyake kwenye mota. Vyote hivyo. Tumia turnevisi (bisibisi) inayojaza kichwa cha visi, sio kile kisu cha jikoni. Kaza kwa kubadilishana, hiki kidogo, kile kidogo. Ukimaliza kimoja kabisa ndipo ufuate kingine, panga linakaa upande.

Mama_Sombe

Samahani wanaume, naingilia. Mpangaji mwanangu, wakati unakaza hivyo visi, hebu inua na macho. Ventilateri imeshikwa na nini huko juu?

Mpangaji_Katuba, Jumapili saa 4 asubuhi

Mama, imeshikwa na kulabu inayotoka kwenye tundu la plafo. Zaidi ya hapo sioni.

Ripoti ya fundi: visi vitatu vilikuwa vimelegea, kimoja nikikizungusha kwa vidole kinakuja. Chini ya kimoja hakukuwa na rondeli (kile kibati cha duara chenye tundu). (Nimeipata chini ya kochi. Nadhani ilianguka Jumanne nikiwa na haraka.) Nimekaza vyote, nimewasha. Namba 3 sasa ni kama namba 2 ya jana. Ka-ka-ka imepungua, haijaisha.

Fundi_Bobini

Vizuri. Sasa chukua futi. Tunapima kimo cha ncha za mapanga, maana mkono mmoja ukipinda hata kidogo, panga linakata hewa kwa njia yake na wenzake kwa njia yao. Pima kutoka plafo hadi ncha ya kila panga, unipe namba tatu.

Mpangaji_Katuba

Sentimita 31 na nusu, 30.9, 32.6.

Fundi_Bobini

Ulipima vipi? Ulizunguka na ngazi au ulizungusha mapanga?

Mpangaji_Katuba

Nilizunguka na ngazi…

Fundi_Bobini

Hahaha, kosa langu, sikusema. Plafo ya triplexi haijanyooka, ina matumbo. Ukizunguka na ngazi unapima matumbo ya plafo, hupimi ventilateri. Simama mahali pamoja, weka alama ya penseli kwenye plafo, halafu lete kila panga kwa mkono mpaka chini ya ile alama. Namba tatu tena.

Mpangaji_Katuba

31.2, 31.3, 32.1. Na sasa nimeshakuwa mtaalamu wa kupanda na kushuka ngazi. Mama mkwe ananitazama kutoka mlangoni akiwa na kikombe cha chai. Bado hajasema kitu.

Fundi_Bobini

Wawili wanaelewana, wa tatu amelala milimita 8 au 9. Chini ya milimita 3 nisingekusumbua, lakini 8 ni mkono uliopinda. Mara nyingi mtu alishika panga wakati wa kuhama, au walibeba ventilateri ikiwa imefungwa mapanga juu ya pikipiki. Usilikunje panga lenyewe, utalipotosha na hutalinyoosha tena. Fungua mkono, uone upinde uko wapi, ulaze kwenye ubao ulionyooka, uurudishe kwa shinikizo la mkono, pole pole, ukilinganisha na mwenzake. Ukiwa wa aluminiamu ya kumwaga (ule mzito unaovunjika kama biskuti) usijaribu, tafuta mwingine.

Dereva_Kasumba

Habari za mchana wakuu. Mimi ni mtu wa barabarani, Dar, Tunduma, Kasumbalesa, hapo kwenu Lubumbashi nashusha mzigo kila mwezi. Mnahangaika bure. Ile feni ya kwangu Mbeya iliyumba hivyohivyo, nikachukua raba ya tairi ya ndani, nikaizungushia bomba pale inapoingia kwenye dari, nikashindilia mpaka haisogei. Kimya mwaka wa pili huu.

Fundi_Bobini

Kaka dereva, hapo tunapishana. Ile ventilateri haikutundikwa kwa kulabu ili icheze kwa bahati mbaya. Kulabu na ile raba ndogo ya duara, au mpira wa chuma kwa zile za kizungu, vimewekwa ili mota iweze kutafuta wima wake yenyewe. Ukilibana bomba hapo juu, mtikisiko haujaondoka, umeuhamisha tu. Sasa unakunja bomba kwenye uzi wake wa skrubu, mara tano kwa sekunde, siku nzima. Chuma kinachokunjwa hivyo kinachoka. Siku kinakatika, utasikia.

Dereva_Kasumba

Fundi unanitisha, feni iko juu ya kitanda changu.

Fundi_Bobini

Toa raba, kaka. Leo.

Mwana_Poli

Mimi nasoma polytechnique (uhandisi) hapa mjini, naomba niongeze hesabu kidogo maana fundi ameigusa. Uzito uliozidi kwenye panga moja unavuta kwenda nje, na mvuto huo unakua kwa mraba wa mwendo. Mfano: panga moja limezidi wenzake gramu 14, na tuseme uzito huo umekaa sentimita 35 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 300 kwa dakika, mvuto ni sawa na kuning'iniza karibu nusu kilo pembeni, na hiyo nusu kilo inazunguka mara 5 kila sekunde. Shusha mwendo hadi 150, inabaki robo yake, kama gramu 120. Ndiyo maana namba 1 ina adabu na namba 4 ni kichaa. Chekacheka hakukosea sana.

Chekacheka

Mnaona? Nami nilisoma.

Mpangaji_Katuba, Jumapili saa 10 jioni

Mwana_Poli, umetabiri au umeingia nyumbani kwangu?

Mkono nimeunyoosha, sasa nina 31.2, 31.3, 31.4. Nikawasha: ncha zinapita kwenye mstari mmoja, lakini bomba bado linachora duara. Nikaona nikiteremsha mapanga niyapime uzito. Jirani anauza samaki wa chumvi na ana mizani ya kielektroniki, akanitazama kama mwizi wa vyuma, lakini alikubali. Gramu 402, 405, 419.

Lile la 419 nililigeuza nikaona jambo. Rangi yake ni nyeupe kama wenzake, lakini ukikwaruza kwa kucha, chini kuna rangi ya kahawia. Na matundu ya visi yametobolewa upya, yale ya zamani yako pembeni. Hilo ni panga la ventilateri nyingine. Mpangaji aliyenitangulia, au fundi wake, alilipaka rangi akalileta kwenye familia.

Mama_Sombe

Mtoto wa kambo kweli, kafundishwa kufanana.

Fundi_Bobini

Naliona hilo kila msimu. Ukipata seti nzima ya mapanga matatu sokoni, nunua seti. Ukikosa, tunampakia mzigo kila mmoja wa wale wawili wepesi ili wamfikie.

Kuna kifurushi cha kusawazisha kinachouzwa, kibanio cha plastiki na vipande vidogo vya chuma vyenye gundi. Hapa mjini sijakiona mara nyingi. Tumia kibanio cha nguo, kile cha plastiki, kizungushie utepe wa umeme kisiruke. Kibane katikati ya panga la kwanza, pembeni upande wa nyuma ambao haukati hewa. Washa namba 2, kaa mbali, tazama. Zima, subiri isimame yenyewe, hamishia panga la pili, kisha la tatu. Kwenye lile zito itakuwa mbaya zaidi, kwenye mepesi itatulia. Ukishajua ni lipi, sogeza kibanio kidogo kidogo kuelekea ncha au kuelekea mota mpaka upate mahali pazuri. Hapo ndipo unabandika uzito, juu ya panga, kwenye mstari wa katikati, na unaondoa kibanio.

Kwa sababu wako wepesi ni wawili, utarudia zoezi mara mbili. Usifanye haraka.

Bukavu_Baridi

Uzito wenyewe ni nini? Kwenye video wanabandika sarafu.

Mama_Sombe

Sarafu gani mwanangu? Kongo yetu pesa ni ya karatasi peke yake. Utabandika noti ya mia tano juu ya panga? Mimi nilibandika ngwee za Zambia, mume wangu alirudi nazo kutoka Kasumbalesa. Kuna jirani alibandika makuta ya zamani, zile za 1967, alizirithi kwa baba yake. Mtoto wake alipogundua wamevaa urithi juu ya ventilateri, ilikuwa kesi.

Rondeli ni nzuri kuliko sarafu zote. Zinauzwa kwa ukubwa tofauti, unaongeza moja moja.

Lakini Mpangaji, nakurudisha. Umenijibu "inatoka kwenye tundu la plafo". Hilo si jibu. Ngoja nikueleze kwa nini nauliza. Miaka sita iliyopita nilipanga nyumba huku Kenya (commune yetu, mtaa wa Lubumbashi, wa Nairobi msishtuke). Ventilateri ilikuwa inayumba kidogo, fundi akaja akabandika, ikatulia, akalipwa. Baada ya wiki tatu, saa nane mchana, watoto wako shule, mimi niko uani nakatakata sombe (kisamvu). Nikasikia mlio kama mtu amemwaga masufuria. Nimeingia, ventilateri iko juu ya meza, panga moja limechoma kwenye kochi, na kipande cha plafo kinaning'inia kwa misumari. Kulabu ilikuwa imefungwa kwenye ubao wa plafo. Ubao mwembamba, ule wa kushikilia triplexi tu! Ventilateri na kilo zake sita ilikuwa inaning'inia kwenye misumari.

Plafo inayopiga ka-ka-ka inasema kitu. Panda uangalie.

Fundi_Bobini

Mama, umenipiga ngwala na umenipiga kihalali. Nilipaswa kuanza huko. Sisi watu wa mota tunaangalia chini.

Mpangaji, usiwashe tena mpaka umeona.

Dereva_Kasumba

Raba nimempigia simu mke wangu aitoe. Amesema alishaitoa tangu Pasaka, ilikuwa inanuka.

Mpangaji_Katuba, Jumatatu saa 2 asubuhi

Nimepanda saa kumi na mbili alfajiri, maana ikifika saa nne huko juu chini ya mabati unaiva. Nimeingilia kwenye kile kimlango cha korido na tochi mdomoni. Kwa atakayenifuata: kanyaga juu ya miti minene tu, triplexi haibebi hata paka.

Picha nitaweka nikipata intaneti nzuri, kwa sasa nawaeleza. Mwenye kujenga hakufunga kulabu kwenye sharpanti (miti ya paa). Alichukua kipande cha shevro (mbao ya paa), akakilaza juu ya vibao viwili vya plafo, hakikupigiliwa msumari hata mmoja, kimelala tu kama mlevi kwenye benchi. Kulabu imefungwa kwenye hiyo shevro kwa waya wa kufungia vyuma vya zege, mizunguko minne. Ventilateri ikizunguka, shevro inaruka kidogo na kurudi. Ka-ka-ka yangu ndiyo hiyo.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Nikaigusa shevro kwa turnevisi ili nione ugumu wake. Turnevisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Nje ni mbao, rangi ya mbao, mistari ya mbao. Ndani ni udongo. Mchwa wamekula kila kitu wakaacha gamba, na njia yao ya udongo nimeiona inapanda ukutani kutoka pembe ya jikoni. Tunaishi mji wenye vichuguu virefu kuliko nyumba, ila sikujua kimoja kinajengwa juu ya kiti cha mama mkwe.

Nimeshuka, nikazima dizhonkteri, tukaishika na shemeji mmoja huku mwingine anafungua, tukaiteremsha. Iko sakafuni. Mama mkwe akaja, akaizunguka, akaiambia: "Njo wewe sasa." Yaani, kumbe ndiyo wewe.

Mama_Sombe

Mungu ni mkubwa. Mwambie mama yako namsalimia, ana macho.

Bukavu_Baridi

Nimeacha kazi, nasoma huu uzi tu.

Fundi_Bobini

Sasa hii si kazi ya kubandika rondeli. Seremala achukue mbao nzima, ngumu, nene kama sentimita 5 kwa 10, iende kutoka mti mmoja wa sharpanti hadi mwingine, isimame kwa upana wake, ipigwe buloni (boliti) pande zote mbili. Msumari peke yake sitaki, mtikisiko unautoa. Kulabu iwe chuma cha milimita 10 au zaidi, ipite katikati ya mbao kutoka chini hadi juu, juu iwe na rondeli pana na nati mbili, ya pili inafunga ya kwanza. Mbao ipakwe dawa ya mchwa kabla haijapanda, na ile njia ya udongo jikoni msiipanguse tu, mfuate mpaka inapotoka, vinginevyo mwakani mtaandika uzi mwingine.

Kabla ya kurudisha ventilateri, ning'iniza kitu kizito kwenye kulabu. Mimi hutumia mfuko wa simenti wa kilo 50, unalala hapo usiku kucha. Asubuhi pima kama kulabu imeshuka.

Mwana_Poli

Na nani analipa, wewe au mwenye nyumba?

Mpangaji_Katuba

Nimempigia mwenye nyumba. Mwanzo alisema wapangaji wa siku hizi wanapenda upepo sana. Nikamtumia picha ya turnevisi imezama kwenye mbao. Akakaa kimya kama dakika mbili, kisha akauliza, "Na miti mingine ya paa umeiangalia?" Amelipa mbao na seremala, na leo wote wawili wamekuwa juu na tochi. Mti mmoja karibu na jikoni umeanza kuliwa, mingine mizima.

Mpangaji_Katuba, Alhamisi saa 1 usiku

Nimalizie hadithi, maana wengine mmenitumia ujumbe.

Mbao imewekwa, mfuko wa simenti umelala, kulabu haikushuka hata unywele. Tulipokuwa tunarudisha, Fundi_Bobini alipita mwenyewe baada ya kazi (hakutaka pesa, alikunywa maji na kula embe). Aliangalia pini inayoshika bomba kwenye ile pete ya kulabu, akatoa msumari uliokunjwa. Msumari! Akaweka gupi halisi, ile ya miguu miwili, akaipanua. Akanieleza kitu sikukijua: mota inaposukuma mapanga upande huu, yenyewe inasukumwa upande ule, kwa hiyo bomba linajaribu kujifungua kila ukiwasha. Kuna kisi kidogo cha kulibana pale linapoingia kwenye mota, na kila mtu anakisahau kwa sababu kinafichwa na kikombe cha chini. Cha kwangu kilikuwepo, kimelegea.

Raba ya duara ya kwenye kulabu ilikuwa imekauka na kupasuka, tumeweka mpya. Kikombe cha juu tumekiacha wazi kidogo, kisiguse plafo. Kutoka sakafuni hadi mapanga ni mita 2.30, fundi alipima akasema chini ya 2.10 angekataa, maana kuna warefu na kuna wanaovaa fulana wakinyoosha mikono.

Mapanga tuliyaandika namba kwa kalamu ya wino, 1, 2, 3, na mikono hivyohivyo. Kibanio cha nguo kikatupa jibu lilelile la mizani: kwenye namba 3, lile la kambo, ventilateri ilipiga kelele, kwenye 1 na 2 ilitulia. Tumeishia na rondeli tatu juu ya panga la 1 na mbili juu ya la 2, tukasogeza zile mbili kuelekea ncha kwa upana wa vidole vitatu, tukafunika kwa utepe. Namba 4 bomba halichezi. Namba 5 bado linachora kaduara kadogo, fundi akasema hako ni haki yake, liache.

Tukataka kumwonyesha mama, umeme ukakatika. Saa kumi na moja jioni. Fundi akacheka akaondoka.

Dereva_Kasumba

Na mama mkwe alihamisha kiti?

Mpangaji_Katuba

Nilikuwa nimeacha varyateri (swichi ya mwendo) kwenye 5, nimesahau. Umeme ulirudi saa tisa usiku. Niliamka kwa sababu taa ya korido iliwaka, nikatega sikio nisikie ka-ka-ka, sikusikia kitu. Nikaenda sebuleni nizime. Nikamkuta mama mkwe ameketi kwenye kiti cha heshima, katikati ya chumba, kitenge mabegani, anatazama juu.

Akaniambia, "Papa, punguza kidogo. Baridi inaniingia."

Chekacheka

Namba 1. Nilisema tangu Jumamosi.